Kabla Injini Haijanoki

Filta ya oili haipasuliwi kwa msumeno wa chuma. Ukitumia msumeno, unga wake unaingia katikati ya karatasi za filta, na utakachokiona baadaye hutajua kama kimetoka kwenye injini au kwenye msumeno wako mwenyewe. Hukatwa kwa mkasi wa bati, taratibu, kuzunguka ukingo. Ile karatasi iliyokunjwakunjwa ndani inatolewa, inakatwa vipande, inaminywa oili yake, kisha inatandazwa kwenye gazeti juani. Halafu unachukua sumaku. Kinachonaswa na sumaku ni chuma. Kinachobaki kinang'aa na hakinaswi, hicho ndicho cha kukiinamia. Kikiwa cheupe cha kufifia, pengine ni pistoni. Kikiwa chekundu kama ile senti tano yetu ya zamani yenye samaki, basi beringi zimeanza kuliwa hadi kwenye shaba.

Nilifanya kazi hiyo asubuhi moja ya Juni nyuma ya nyumba yangu hapa Makambako, mpwa wangu amesimama pembeni, mikono mfukoni kwa baridi. Gari ni lake: Fuso Fighter, injini ya 6D16, silinda sita, iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, na kwa kadi yake sasa imepita miaka 27. Inawaka asubuhi. Inapanda mlima wa Kitonga na mzigo wa mbolea. Haijawahi kulala gereji zaidi ya siku mbili. Ila siku hizi inaomba oili kidogo kila safari, na ikishapata moto kisha ikasimama kwenye foleni ya mizani, mshale wa presha ya oili unashuka mpaka karibu na nyekundu, ukikanyaga mafuta unapanda tena. Mpwa wangu alikuja na swali moja.

"Mjomba, niifungue sasa, au nimalize kwanza msimu wa mahindi?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni kabla hajafunga kinywa. Kizazi changu kina jibu moja tu kwa swali hilo: fungua. Nikalimeza. Nina miaka 76, na zaidi ya 50 kati ya hiyo imepita kwenye magari ya mizigo, kwanza utingo, kisha dereva, kisha mwenye gari. Nimejifunza kwamba jibu linalowahi hivyo ni la mazoea, na mazoea yetu yalizaliwa na mambo ambayo kijana huyu hakuyaona. Ilinibidi nijiulize kwanza kama bado yana haki ya kumwamulia.

Nilianza utingo mwaka 1967. Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith kule Rhodesia ilikuwa imejitangazia uhuru wake, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake kusini, ikawa inatafuta mlango mwingine. Mlango huo ukawa sisi. Mafuta yakapanda kutoka Dar es Salaam kwenye mapipa, shaba ikateremka kwenda bandarini, kwa barabara ya udongo. Mwaka 1966 ikaundwa Zambia-Tanzania Road Services na Fiat zake, na katika vumbi lao tukafuata sisi wa magari ya watu binafsi. Wageni waliiita Njia ya Jehanamu. Masika tope lilifika kwenye ekseli. Kiangazi vumbi jekundu lilijaa barabarani kama maji, gari la mbele hulioni mpaka ulisikie.

Vumbi lile ndilo lililonisomesha. Chujio la hewa la magari yale lilikuwa la oili: bakuli lenye oili chini, na juu yake nyuzi za chuma zilizosokotana. Hewa inagonga oili, inaacha vumbi lake pale, ndipo inapanda kwenda kwenye silinda. Kazi yangu kila jioni, kabla ya kuwasha moto wa ugali, ilikuwa kulishusha bakuli, kumwaga tope, kuliosha kwa dizeli na kulijaza upya. Jioni moja tulifika Igawa nimechoka hoi, nikaliacha. Kulipokucha dereva wangu, mzee wa Tukuyu, alilishusha mwenyewe. Hakunipiga wala hakunitukana. Alichovya kidole kwenye lile tope, akanipaka kwenye jino la mbele, akaniambia nisage. Nikasikia mchanga unavyokwaruza mpaka kwenye fuvu. "Sasa," akasema, "hivyo ndivyo ringi za pistoni zilivyokuwa zinasikia usiku kucha."

Mpaka leo nikisikia mtu anasema gari halina uhai, jino lile linaniuma.

Lami ilifika, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa, treni zikapita hapahapa mjini petu, tukadhani tabu ya magari imekwisha. Vumbi lilipungua kweli. Kilichofuata kikawa kukosa spea. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na magari mengi ya watu yakachukuliwa kwenda vitani, nililokuwa naliendesha likiwemo. Lilirudi mwaka uliofuata. Wakati huo bei ya mafuta ilikuwa imepanda dunia nzima na nchi haina fedha za kigeni. Beringi, ringi, gasketi ya silinda hedi, vyote vilikuwa vya kibali na vya kujuana. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, hata mtu mwenye seti mbili za ringi chini ya kitanda alilala akisikiliza nyayo za nje.

Hapo ndipo kizazi changu kilipopata tabia yake. Krenki, ule mhimili mkuu wa injini, ikikwaruzika hukuwa na pa kwenda. Hapakuwa na duka la kulilalamikia bei, maana hapakuwa na krenki. Kwa hiyo tulishusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kabla injini haijalia. Tulipindua beringi, tukazitazama, tukazirudisha au tukazibadilisha. Tulijua kwa moyo kama krenki ya gari letu ni stendadi, au imechongwa mara moja na sasa inavaa beringi za kumi, au mara mbili na inavaa za ishirini, yaani elfu za inchi zilizoondoka kwenye chuma. Tuliandika kwa msumari ndani ya mlango wa kebini. Ukinunua gari kwa mtu, ulifungua mlango kwanza ukasoma historia yake.

Lakini vijana wanapotusifu kwa hayo, wakasema wazee walijua kutunza, inabidi niwaambie kilichokuwa upande wa pili. Palipokosekana beringi kabisa, tuliweka karatasi ya pakiti ya sigara nyuma ya beringi iliyokwisha ili ibane tena krenki. Tulijaza rejeta maji ya mto, na kwenye injini zenye laina zinazogusana na maji, laina zikatoboka kwa nje, vitundu vidogo kama vya sindano. Laina hutetemeka kila silinda inapowaka, mapovu madogo yanazaliwa kwenye maji yanayoigusa na kupasuka hapohapo, na kila povu linachimba chembe ya chuma. Dawa ya rejeta ingezuia. Sisi tuliona oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, tukasema gasketi imeungua, tukabadilisha gasketi, na wiki ya pili chai ikarudi. Tulitunza sana, na vingi tuliviua kwa kutojua. Uangalifu wetu ulikuwa uangalifu wa mtu mwenye jembe moja. Sina hakika kama huo ni uadilifu, maana hatukuwahi kupewa nafasi ya kuchagua.

Bajeti ya 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa wenyewe, spea zikaanza kurudi madukani. Mwaka 1987, nikiwa na gari langu la kwanza, ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linanirudia usiku. Injini haikuwa na tatizo. Haikuwa inakula oili, haikuwa inapumua kwenye kifuniko cha oili, asubuhi ya Julai iliwaka kwa stata moja. Lakini nilikuwa na pesa kidogo, na madukani kulikuwa na laina na ringi mpya kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na nilikuwa na hofu ya miaka ile moyoni. Nikaifungua yote, hedi mpaka chini, uani kwangu, mwezi wa Agosti. Anayeujua upepo wa Makambako mwezi wa Agosti haelezwi. Tuliifunika kwa magunia usiku, tukaipangusa asubuhi, tukaifunga tukiwa tumeridhika. Baada ya miezi mitatu ilikuwa inakula oili kama haijawahi kuguswa na fundi. Mchanga ule niliosagishwa kwenye jino Igawa, safari hii niliupeleka kwenye silinda kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa hiyo mpwa wangu aliposema, "Lakini mjomba, ukimwamsha aliyelala utalala wewe," sikumbishia. Amesema kweli. Ile methali nyingine ya ufa na ukuta wote tunaijua, inabandikwa mpaka nyuma ya mabasi, lakini haikuambii ni ufa upi. Gari la miaka 27 lina nyufa mwili mzima. Ukiziba zote umenunua gari jingine, na mahindi yamebaki Songea.

Nikamsikiliza hesabu zake. Msimu ni wiki chache, wafanyabiashara wanampigia simu, kila siku ambayo Fuso imelala mwingine anabeba mzigo wake. Injini ikifa, Ilala na Gerezani kule Dar kuna injini nzima za mtumba kutoka Japani, zinafika na pampu yake na stata yake, zinafungwa siku tatu gari linatembea. Kwa nini atumie pesa leo kufungua kitu kinachofanya kazi, wakati kikifa atanunua kingine? Wazee wenzangu huita huo uvivu. Mimi nasema ni hesabu ya mtu aliyekulia kwenye maduka yenye vitu. Kuna injini ambazo jibu sahihi ni lake: zimechongwa mpaka mwisho, bloku ina ufa, fundi wa kuaminika hayupo karibu. Hizo ziache zitembee zimalize siku zake, huku unaweka akiba ya nyingine.

Isipokuwa injini haichagui pa kufia. Beringi ya konrodi, ule mkono wa pistoni, ikishika krenki, mara nyingi inakuwa mzigo umejaa na gia ni ndogo, maana hapo ndipo inapobeba uzito wote. Kwa gari linalorudi nyanda za juu, mahali hapo panajulikana. Panaitwa Kitonga.

Hapa naomba nisimulie jambo ambalo sikumsimulia mpwa wangu siku ile, kwa sababu lilikuwa bado linanikaba.

Mwaka 1994 niliendesha gari la mtu mwingine kwa msimu mmoja, langu likiwa gereji. Tulikuwa magari mawili ya tajiri mmoja. Lile la mwenzangu lilikuwa linagonga kwa mbali. Alimwambia tajiri, na tajiri akamjibu kwamba injini za dizeli zote zinagonga, amalize msimu. Tajiri yule hakuwa mtu mbaya. Alitulipa kwa wakati, alikuja msibani kwangu. Ila hakuwahi kushika usukani, na mlio ule kwake ulikuwa maneno, hakuwahi kuukalia saa nane mfululizo. Injini ilinoki usiku kwenye kona ya tatu ya Kitonga, mzigo umejaa saruji, gari likasimama palepale kwenye njia, taa zikififia. Mwenzangu akakaa na breki. Utingo wake, kijana wa miaka kumi na tisa, akashuka na panga kukata matawi ya kuweka barabarani, kama tunavyofanya wote. Alikuwa amekwisha kuweka fungu la kwanza, anarudi kuchukua la pili, lori lililokuwa linateremka likamkuta kwenye kona.

Mimi nilikuwa nyuma yao kwa nusu saa. Nilipofika matawi yalikuwa bado mabichi.

Tajiri alinunua injini nyingine. Ilifika kwa wiki mbili, ikafungwa, gari likatembea miaka mingi baadaye. Ukipiga hesabu ya pesa peke yake, tajiri yule hakukosea sana, na pengine hata alitoka na faida, kwa sababu msimu karibu wote ulikuwa umeingia mfukoni.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali langu kuhusu matengenezo ya kuzuia, na sijalisikia likiulizwa gereji. Watu wanauliza injini ina umri gani, ina kilomita ngapi, inakula oili kiasi gani. Maswali mazuri. Mimi nauliza: anayeamua atakuwa wapi injini ikizima? Katika kizazi changu mwenye gari mara nyingi alikuwa nyuma ya usukani, au alikwisha kukaa hapo miaka kumi kabla ya kununua gari lake. Aliposema tumalize msimu, alikuwa anaweka na mgongo wake mwenyewe kwenye mizani. Hilo ndilo lililotufanya tufungue mapema, kuliko hata uhaba wa spea. Hatukuwa watu wema kuliko vijana hawa. Usiku wa porini ulikuwa wetu wenyewe.

Mpwa wangu hajawahi kuendesha lori hata kilomita kumi. Sisemi kumlaumu, alisoma biashara, mimi mwenyewe nilichangia ada. Kwa gari lake ana kifaa kwenye simu kinachomwonyesha lilipo, mwendo wake, limesimama dakika ngapi. Mafuta analipa kwa simu. Aliwahi kunionyesha kwa furaha gari likiwa doa dogo la kijani kwenye ramani, karibu na Ruaha Mbuyuni. Nikamuuliza dereva amekula nini. Akacheka kidogo, kisha akanyamaza, na naamini alinielewa.

Turudi kwenye gazeti langu la juani. Sumaku ilinasa kidogo sana, vumbi la kawaida la injini ya umri huo. Lakini kwenye mikunjo ya karatasi kulikuwa na chembe ambazo sumaku ilizipita bila kuzigusa. Niliilambisha ncha ya kijiti oili kidogo, nikaokota chembe moja, nikaileta karibu na macho. Nyekundu. Nikampa kijana miwani yangu, naye akatazama.

"Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Bado kidogo, lakini ndiyo yenyewe."

Hapo swali likawa dogo, na mimi napenda swali likiwa dogo. Tuliwasha injini, tukafungua kifuniko cha kujazia oili: haikuwa inapumua kwa nguvu, mvuke mwepesi tu. Moshi wa sailensa haukuwa wa bluu. Rejeta haikuwa inatoa mapovu, maji yalikuwa safi. Maana yake juu kuko salama, ringi na laina zina siku zake bado, na mwenye akili hafungui hedi. Chini ndiko kunakolia. Na chini kunafunguliwa bila kuishusha injini: sampu inashushwa, kofia za beringi zinafunguliwa moja moja, beringi kuu 7 na za konrodi 6, na krenki inabaki ilipo. Kazi ya siku mbili kwa fundi anayejua. Seti ya beringi, gasketi ya sampu, oili na filta, na nozeli zipelekwe kupimwa kwa kuwa gari limelala, maana nozeli inayomwaga dizeli badala ya kupuliza huosha oili kwenye kuta za silinda na kuichafua sampu nzima. Ukiweka gharama hiyo pembeni ya bei ya krenki peke yake, achilia mbali injini nzima na mzigo uliolala njiani, hakuna mabishano. Sharti langu lilikuwa moja: kazi ifanyike ndani ya gereji yenye paa na kuta tatu, na si uani kwangu.

Alifikiri siku nzima. Jioni akanipigia simu. "Sawa, mjomba. Siku mbili nitazivumilia."

Nilikwenda kuangalia, ingawa magoti yangu hayataki tena kukaa chini ya gari. Fundi ni kijana wa miaka kama thelathini, na nilimpenda kwa jinsi alivyotandaza turubai safi kabla ya kugusa nati ya kwanza. Alipofika kwenye beringi kuu aliingiza kijipini kidogo kwenye tundu la oili la krenki na kuizungusha taratibu kwa mkono, na pini ikaisukuma ile nusu ya juu ya beringi ikatoka yenyewe kwa upande wa pili. Sisi pini hiyo tulikuwa tunaitengeneza kwa msumari tulioupiga nyundo kichwani mpaka ukawa bapa. Yake alikuwa ameitengeneza hivyohivyo. Nilimuuliza alifundishwa na nani, akasema na fundi wake, ambaye alifundishwa na mzee mmoja wa Iringa. Sikuuliza zaidi. Niliona raha ambayo sijui nitaielezaje.

Beringi zilipangwa kwenye turubai kwa mfuatano wake, za juu upande huu, za chini upande ule. Beringi ya injini ni kipande cha nusu duara, mgongo wake chuma, katikati shaba iliyochanganywa, na juu kabisa utando wa kijivu mwembamba kuliko unywele. Utando huo ndipo krenki inapolala. Beringi kuu huliwa zaidi nusu ya chini, kwa kuwa uzito unalala chini. Za konrodi huliwa nusu ya juu, kwa kuwa moto wa silinda unazigandamiza kutoka juu. Za gari hili zilikuwa hivyo hasa. Nne kati ya zile za konrodi utando ulikuwa umekwisha katikati, na shaba inang'aa, nyekundu, laini, na pembezoni pamebaki kijivu. Ya silinda ya tano ilikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu. Fundi alipitisha ukucha wake kwenye krenki mahali pake, mara mbili, macho amefumba. Ukucha haukukwama. Krenki ilikuwa nzima.

Mpwa wangu aliokota ile ya tano akaigeuzageuza. Alitaka kujua ilikuwa imebakiza safari ngapi. Nikamwambia hilo hakuna anayeweza kumwambia, pengine kumi, pengine hii ya kesho, na mtu atakayemtajia namba asimwamini.

Dereva wake alikuwa amekaa mlangoni mwa gereji muda wote juu ya tairi kuukuu. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mkimya, ana watoto wanne Njombe. Hakuna aliyekuwa amemwita. Nilimwita mimi. Akaja, akasimama, akazitazama zile beringi kwenye turubai kama mtu anayetazama picha za watu anaowafahamu. Kisha akaninong'oneza, ingawa mpwa wangu alikuwa karibu na alisikia.

"Mzee, huu mlio mimi ninao tangu Pasaka. Asubuhi nikiwasha, zile sekunde mbili tatu za kwanza kabla oili haijapanda, unagonga chini. Halafu unapotea."

"Mbona hukuniambia?" mpwa wangu akauliza.

Dereva alichukua ile beringi kutoka mkononi mwake, akapitisha kidole gumba juu ya shaba.

"Ningekwambia, bosi, ungesema naogopa safari."

Fundi akatoa sauti chini ya gari akiomba mtu wa kumshikia taa. Dereva akaitia beringi mfukoni mwa shati, akapiga magoti, akaingia chini.